Shaba Iliyofichwa katika Mrututu

Mrututu ni chumvi ya rangi ya samawati, nayo hujulikana sana kwa wakulima wa kahawa na wa mizabibu. Vipande vyake hung'aa kama vioo vilivyovunjika, wala mtu autazamaye hawezi kudhani kwamba ndani yake imo shaba nyekundu. Walakini imo. Katika ratili 100 za mrututu, ratili 25 na zaidi kidogo ni shaba, ratili 36 ni maji, na zilizosalia zimetoka katika tindikali ya salfa. Shaba hiyo haina wekundu wala mlio wa madini, lakini haikupotea. Yaweza kutolewa tena ikawa shaba kama ilivyokuwa kwanza. Ajuaye namna shaba inavyoingia katika chumvi na namna inavyotoka, amekwisha jua sehemu kubwa ya elimu ya madini, tindikali na chumvi. Tena maarifa hayo humwokolea mtu shamba lake, ndoo yake, na hata afya ya watu wa nyumbani mwake.

Watu wengi wakisikia neno chumvi huifikiri ile ya kutia chakulani peke yake. Wenye elimu ya kemia hulitumia neno hilo kwa vitu vingi. Kwanza yafaa kujua tindikali ni nini. Ukali wa ndimu, wa siki na wa maziwa yaliyoganda hutokana na tindikali zilizo dhaifu. Tindikali ya salfa ina nguvu nyingi zaidi, hata huchoma ngozi na kutoboa nguo. Kila moja katika hizo ina haidrojeni, ambayo ikiwa peke yake ni hewa nyepesi kupita hewa zote, nayo huwaka moto. Madini yakiingia katika tindikali na kukamata mahali pa haidrojeni, kitu kinachopatikana huitwa chumvi.

Kipande cha zinki kikitiwa katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji mengi, mara mapovu hutokea. Mapovu hayo ni haidrojeni inayofukuzwa. Zinki hupungua kidogo kidogo mpaka ikaisha, na maji yakikaushwa hubaki chumvi nyeupe, nayo ni chumvi ya zinki. Chuma nacho hufanya vivyo hivyo, ila chumvi yake ni ya kijani hafifu. Lakini kipande cha shaba kikitiwa katika tindikali hiyo hiyo, hapana povu hata moja. Shaba hukaa kimya kama jiwe kisimani.

Hapa pana onyo moja la kushikwa na kila mtu. Fundi atakaye kupunguza ukali wa tindikali ya salfa huimimina kidogo kidogo katika maji, huku akikoroga. Kamwe hamimini maji katika tindikali, maana joto litokalo ni kubwa mno, na maji huchemka ghafula yakarusha tindikali usoni na machoni.

Basi, ikiwa shaba haiingii katika tindikali hiyo, mrututu hufanywaje? Njia moja ni kuipasha shaba moto hewani mpaka igeuke nyeusi. Weusi huo si masizi. Ni shaba iliyoshikamana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa iwashayo moto na kuwapa viumbe pumzi. Shaba iliyokwisha kushikamana na oksijeni huyeyuka katika tindikali ya salfa yenye vuguvugu, na maji hugeuka samawati. Maji hayo yakiachwa yakauke polepole, mrututu huota chini ya chombo, vipande vyenye kingo zilizonyoka kana kwamba vimechongwa. Vipande hivyo vikipashwa moto, maji yaliyomo hutoka, navyo huwa unga mweupe. Likidondoshewa tone la maji, samawati hurudi papo hapo.

Sababu ya zinki kuifukuza haidrojeni, na shaba kushindwa, ni hii. Madini yote yamefanywa kwa chembe zisizoonekana kwa macho, na katika kila chembe zimo elektroni, vitu vidogo mno vyenye umeme. Chembe ya zinki ikitaka kuingia majini na kuwa chumvi, sharti iache elektroni mbili. Haidrojeni iliyo katika tindikali imepungukiwa na elektroni. Ikizipata, hujitenga na kupanda juu kama hewa. Basi zinki hutoa na haidrojeni hupokea. Lakini madini hayafanani katika kutoa. Mengine hutoa elektroni zao upesi, na mengine huzishika kama bahili ashikavyo fedha yake. Tukio lolote la madini na tindikali, au la madini na chumvi, kwa asili yake ni biashara hii ya kutoa na kupokea.

Wenye elimu wameyapanga madini kwa safu, kuanzia yale yatoayo kwa wepesi hata yale yashikayo sana. Sodiamu hutangulia, kisha huja zinki, chuma, bati na risasi. Baada ya hayo huwekwa haidrojeni, ingawa si madini, ili iwe mpaka. Nyuma ya mpaka huo ziko shaba, fedha, na mwisho dhahabu. Yaliyo mbele ya haidrojeni yaweza kuifukuza katika tindikali; yaliyo nyuma yake hayawezi. Tena madini yaliyo mbele huyatoa katika chumvi yale yaliyo nyuma. Chuma huitoa shaba, na shaba huitoa fedha. Ndiyo maana dhahabu hukaa ardhini maelfu ya miaka bila kuharibika, na chuma hushikwa na kutu kwa mvua ya msimu mmoja.

Jambo hili huonekana wazi kwa msumari na mrututu. Mrututu kidogo ukiyeyushwa katika bilauri ya maji, na msumari safi wa chuma ukitumbukizwa humo, haupiti muda mrefu kabla msumari haujavaa vazi jekundu. Vazi hilo ni shaba. Ukiachwa kutwa, samawati ya maji hufifia na kuelekea kijani, kwa sababu shaba inatoka na chuma kinaingia. Katika nchi ya China, wakati wa wafalme wa ukoo wa Song, waliotawala tangu 960 hata 1279, watu walipata shaba nyingi kwa njia hiyo. Waliweka vipande vya chuma katika maji ya chemchemi na ya migodi yenye chumvi ya shaba, kisha wakakwangua shaba iliyoganda juu yake. Huko Ulaya wako walioona ajabu hiyo wakasema kwamba chuma kimegeuka kuwa shaba. Mizani huwakanusha. Chuma hakikugeuka, bali kimehamia majini. Kila zikiingia majini ratili 56 za chuma, hutoka humo ratili 63 na nusu za shaba, wala hesabu hiyo haibadiliki, iwe ni katika bilauri au katika bwawa.

Mkulima anahusika sana na habari hii. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya kahawa ya kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu 1972 huitwa Sri Lanka. Ugonjwa huo huletwa na kuvu, nao hutia madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani mpaka majani yakapukutika. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuuzuia. Mashamba makubwa yaliangamia, na wenye mashamba wakaiacha kahawa na kupanda chai.

Dawa ilipatikana Ufaransa, tena katika mizabibu, wala si katika kahawa. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa chuo cha Bordeaux, jina lake Millardet, alipita karibu na mizabibu iliyokuwa kando ya njia. Wenyeji walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa, ili wapita njia wauogope ule ubuluu wasiibe zabibu. Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima, na ile ya mbali na njia ilikuwa inaugua. Akajaribu mara nyingi, na mwaka 1885 akawatangazia watu dawa hiyo. Tangu hapo dawa za shaba zikaenea duniani, zikafika hata katika mashamba ya kahawa ya Afrika ya Mashariki.

Mrututu peke yake haufai kunyunyiziwa majani, kwa maana shaba iliyo huru majini huyaunguza. Kazi ya chokaa ni kuikamata shaba hiyo na kuifanya iwe kama uji mwepesi wa samawati. Uji huo hunata juu ya jani, hausombwi na mvua upesi, na hutoa shaba kwa kiasi kidogo tu, kinachotosha kuua mbegu za kuvu zinapoanza kuota. Chokaa ikipungua, majani huungua. Mkulima atajuaje kwamba chokaa imetosha? Wakulima wa zamani walikuwa na kipimo kisichohitaji gharama. Walichukua kisu safi cha chuma, kisicho na kutu wala mafuta, wakakitumbukiza katika dawa kwa dakika chache. Kikitoka na wekundu, walijua kwamba shaba bado iko huru, nao wakaongeza chokaa. Kikitoka cheupe kama kilivyoingia, dawa ilikuwa tayari. Kisu hicho ndicho ule msumari wa bilauri. Kimepewa kazi tu.

Kwa sababu iyo hiyo mrututu hauyeyushwi katika ndoo ya chuma wala ya bati. Mwenye kufanya hivyo hupata hasara mara mbili. Shaba aliyoinunua huganda ubavuni mwa ndoo, na dawa hubaki bila nguvu. Tena ndoo nayo huliwa mpaka ikatoboka. Hunyunyizia shamba lake maji, akidhani amenyunyizia dawa, na kuvu huendelea na kazi yake. Chombo kifaacho ni pipa la mti, chungu cha udongo, au ndoo ya plastiki. Na anayetumia dawa ya shaba akumbuke kwamba madini hayaozi kama majani. Shaba inayodondoka kila mwaka hukaa udongoni, na ikizidi huudhuru udongo wenyewe. Basi kipimo kilichoagizwa kisipitwe.

Kutoka shambani habari hii huingia jikoni. Tangu zamani masufuria ya shaba yamepakwa bati kwa ndani, wala si kwa ajili ya kupendeza. Ni kweli kwamba shaba haiingii katika tindikali dhaifu, lakini oksijeni ya hewa ikiisaidia, huingia polepole. Mchuzi wenye ndimu, ukwaju au siki ukilazwa katika sufuria ya shaba iliyochakaa bati, hunywa shaba usiku kucha, na alaye hutapika na kuumwa tumbo. Ule ukijani uonekanao katika mikunjo ya vyombo vya shaba ni chumvi ya shaba, nayo ni sumu. Mrututu wenyewe ni sumu pia. Mahali pake ni mbali na chakula na mbali na watoto, ambao huvutwa na uzuri wa rangi yake.

Safu ya madini hueleza pia habari za mapaa. Mabati ya kuezekea nyumba, ingawa huitwa mabati, kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Ufundi huo ulipewa hati ya serikali huko Ufaransa mwaka 1837, naye aliyeibuni ni Sorel. Bati la namna hiyo likikwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, chuma hakishikwi na kutu upesi, kwa kuwa zinki iliyo kando yake hutangulia kutoa elektroni, ikaliwa yenyewe badala ya jirani yake. Lakini mkebe wa chakula ni chuma kilichopakwa bati la kweli, na bati liko nyuma ya chuma katika safu. Mkebe ukikwaruzwa, chuma ndicho kitoacho kwanza, nacho hutoboka upesi kuliko ambavyo kingetoboka bila kupakwa kitu. Basi mlinzi mwema wa chuma ni yule aliyemtangulia.

Mpaka hapa biashara ya elektroni imefanyika pale pale madini yanapogusana na maji ya chumvi. Je, yawezekana mtoaji na mpokeaji kutengwa, elektroni zikapita njia ndefu? Yawezekana. Mwaka 1800 Volta, mtu wa Italia, alipanga vibamba vya zinki na vya fedha au shaba kwa zamu, akaweka kati yao vipande vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme upitao katika waya bila kukatika. Mwaka 1836 Daniell, huko London, alitengeneza chombo bora zaidi. Upande mmoja aliweka zinki, na upande wa pili shaba iliyozamishwa katika maji ya mrututu. Zinki ilitoa elektroni zake, zikapita katika waya, zikafika upande wa shaba, na huko shaba iliyofichwa majini ikazipokea na kuganda. Biashara ni ile ile ya msumari, ila mali imepita barabarani. Na katika kupita kwake iliweza kufanya kazi, kama kupeleka habari kwa simu ya waya.

Maji yateremkayo mlimani huzungusha gurudumu bila kusukumwa na mtu. Lakini atakaye kuyapandisha maji yale yale juu ya mlima, sharti atie nguvu. Hali ya madini ni iyo hiyo. Zinki kuitoa shaba ni kuteremka. Kuyatoa katika chumvi madini yanayopenda kukaa humo ni kupanda, na nguvu ya kupandishia ni umeme. Kazi hiyo huitwa elektrolisisi. Katika mwaka ule ule wa 1800 Nicholson na Carlisle walipitisha umeme katika maji, yakagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1807 Davy, Mwingereza, aliupitisha katika magadi makali yaliyoyeyushwa kwa moto, akaona kwa mara ya kwanza sodiamu ikiwa peke yake, madini laini yanayokatika kwa kisu, ambayo lazima yafichwe katika mafuta yasiguse maji. Mwaka 1834 Faraday, aliyeanza maisha yake kwa kazi ya kujalidi vitabu, alitangaza hesabu yake: kiasi cha madini kitokacho hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Umeme wa ampea 1 ukipita saa moja katika maji ya mrututu, hugandisha shaba gramu 1 na sehemu 19 za mia.

Hesabu hiyo ndogo imejenga viwanda vikubwa. Shaba itokayo katika tanuri ina taka ndani yake, na taka chache tu hutosha kuuzuia umeme usipite vizuri katika waya. Mwaka 1869 Elkington alifungua huko Pembrey, katika nchi ya Wales, kiwanda cha kuisafisha shaba kwa umeme. Bamba nene la shaba chafu huzamishwa katika maji ya mrututu yenye tindikali, na mbele yake bamba jembamba la shaba safi. Umeme ukipita, shaba ya bamba chafu huingia majini na kwenda kuganda juu ya lile jembamba. Taka zilizo mbele ya shaba katika safu, kama chuma, hubaki majini. Fedha na dhahabu, zilizo nyuma yake, haziingii majini, bali huanguka chini kama tope, nalo tope hilo huzolewa kwa uangalifu kwa sababu ya thamani yake.

Katika Afrika kazi hii ilifanywa huko Katanga, katika nchi ya Kongo, ambako Kiswahili husemwa sokoni na migodini. Huko yako mawe ya kijani yenye shaba. Hapo kale wafua shaba wa nchi hiyo waliyayeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo, wakasubu vipande vyenye umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha katika biashara. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Lakini mawe yenye shaba kidogo hula makaa mengi na kurudisha faida ndogo. Ndipo mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilipoanza kazi huko Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa utawala wa Wabelgiji. Katika kiwanda hicho mawe yalisagwa na kutiwa katika tindikali ya salfa, shaba ikatoka katika jiwe na kuingia majini, yaani maji yakawa maji ya mrututu. Kisha umeme ukapitishwa, shaba ikaganda juu ya mabamba. Na shaba ilipotoka, tindikali ilirudi kuwa tindikali, ikapelekwa kuyayeyusha mawe mengine.

Hivyo shaba ile ile yaweza kuwa jiwe la kijani, maji ya samawati, bamba jekundu, waya wa simu, na dawa juu ya jani la kahawa. Katika safari hiyo yote hapaongezeki shaba wala haipungui; kinachobadilika ni elektroni zake, mara imezitoa na mara imezipokea. Mkulima anayetumbukiza kisu chake katika pipa la dawa, na fundi anayepima umeme kiwandani, wanaulizia jambo moja: shaba iko wapi sasa, nayo itakwenda wapi? Aliyejifunza kuuliza hivyo hatatia mrututu katika ndoo ya bati, wala hatalaza mchuzi wa ndimu katika sufuria iliyochakaa.